Ndama anyonye au anyweshwe kwa ndoo? Ulinganisho kwa wenye ng'ombe wachache wa maziwa

Mfugaji mwenye ng'ombe wawili watatu wa maziwa ukimuuliza kwa nini anamnywesha ndama kwa ndoo, atakujibu habari ya lita za kuuza. Jirani yake ukimuuliza kwa nini anamwacha ndama anyonye, atakwambia ng'ombe wake hashushi maziwa bila ndama. Wote wana hoja, ila wote wameliruka jambo zito zaidi: njia ya kumlisha ndama ndiyo inayoamua kiwele kinamalizwa vipi kila baada ya kukamua, chuchu zinaguswa na nani, na utagundua lini kwamba robo moja ya kiwele, ile sehemu yenye chuchu yake, imeanza kuumwa. Tunazoea kuuita ugonjwa wa kiwele tatizo la mama na kuhara tatizo la mtoto. Bandani yote mawili yanaanzia kwenye kukamua.

Ninaowalenga hapa ni wanaofugia bandani: miteremko ya Kilimanjaro na Meru, Rungwe, Njombe, Tanga, na wenzao wa Kiambu na Nyeri kule Kenya, wenye chotara wa ng'ombe wa asili na wa kisasa, anayekatiwa majani na kukamuliwa kwa mkono. Mwenye mamia ya ng'ombe malishoni ana hesabu nyingine.

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni ya wafugaji wa asili: ndama hushinda na mama au hukutana naye jioni, na mkamuaji humwachia chuchu moja au mbili. Kwa zebu, ng'ombe wa asili mwenye nundu, anayelishwa malishoni ni njia yenye akili na sina ugomvi nayo. Kwa chotara wa bandani haifai, maana hujui ndama amekunywa kiasi gani, na ndama akishakuwa mkubwa hugonga kiwele kwa kichwa na kuchubua chuchu kwa meno. Mchubuko wa chuchu ni makazi ya vijidudu. Naiacha hapo.

Zinabaki mbili. Kunyonya kwa ratiba: ndama anasogezwa kwa mama dakika moja hivi ili maziwa yashuke, anaondolewa na kufungwa karibu, unakamua, kisha unamrudisha anyonye yaliyosalia kwa robo saa au nusu saa. Halafu anarudi kwenye kizimba chake mpaka wakati wa kukamua tena. Na ndoo: ndama anatengwa na mama tangu siku za mwanzo, wewe unakamua yote, unapima, unamnywesha.

| | Kunyonya kwa ratiba | Ndoo |
|---|---|---|
| Ng'ombe anayefaa | Zebu, Boran, Sahiwal na chotara wao | Friesian, Ayrshire, Jersey na chotara wenye damu nyingi ya kisasa |
| Anayemaliza kiwele | Ndama | Mkamuaji, akitaka |
| Kipimo cha maziwa ya ndama | Unakisia, unathibitisha kwa uzito | Unakijua |
| Kazi ya usafi | Ndogo | Kubwa, mara mbili kila siku |
| Ndama akifa | Maziwa yanaweza kukatika | Unaendelea kukamua |
| Wakati wa kutibu kiwele | Inasumbua | Ni rahisi |

Anza na damu ya ng'ombe

Maziwa mengi hayatoki mpaka ng'ombe mwenyewe ayaachie. Akisikia ndama, akiguswa chuchu au akioshwa kiwele kwa maji ya uvuguvugu, mwili wake hutoa homoni ya oksitosini inayobana vifuko vya maziwa na kuyasukuma chini. Kazi hiyo hudumu dakika chache tu, tano hadi saba hivi, ndiyo maana mkamuaji anayepiga soga katikati ya kazi hubaki anavuta chuchu tupu. Ng'ombe akiogopa au akipigwa, adrenalini huingia na kuuzuia mpango mzima.

Friesian na Ayrshire wamechaguliwa kwa vizazi vingi miongoni mwa wanaokubali mkono wa mtu au mashine. Kwao mlio wa ndoo na pumba kwenye kihori vinatosha. Zebu hakupitia mchujo huo. Wafugaji wa asili wanalijua hilo vizuri: ndama akifa, ngozi yake hujazwa nyasi na kusogezwa mbele ya mama ailambe, angalau maziwa yasikatike. Chotara wa nusu kwa nusu yuko katikati, na huwezi kujua amefuata upande gani mpaka umkamue. Wapo wanaoshusha vizuri bila ndama mwezi wa kwanza, halafu wanakauka mwezi wa nne wakati mwenzao bado anatoa.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu faida ya ndoo, mtazame mnyama wako. Ukilazimisha ndoo kwa ng'ombe anayezuia maziwa utapoteza maziwa yenyewe, na yale yanayobaki ndani yatakuletea shida ninayoieleza sasa.

Kiwele: hapa ndipo tofauti kubwa ilipo

Hata ukamue vizuri namna gani, kuna maziwa yanayobaki, mara nyingi sehemu ya kumi hadi ya tano ya yaliyokuwamo. Ndiyo yenye mafuta mengi kuliko yote uliyokamua, na ndiyo chakula cha vijidudu vilivyokwisha kuingia kupitia tundu la chuchu. Ndama anayenyonya baada ya kukamua huyakomba. Majaribio mengi yaliyofanywa na ng'ombe wa nchi za joto yameona jambo lilelile: wanaonyonyesha kwa ratiba hupata ugonjwa wa kiwele kidogo kuliko wanaokamuliwa tu. Wapo wanaosema mate ya ndama nayo hupunguza vijidudu. Inawezekana, lakini mimi nisingejenga ufugaji juu ya mate. Kazi kubwa inafanywa na kule kukomba.

Anayechagua ndoo amejitwika kazi hiyo. Ina maana osha kiwele na ukikaushe kwa kitambaa cha ng'ombe huyohuyo, kamua haraka mpaka mwisho, chovya kila chuchu kwenye dawa ya iodini mara unapomaliza, kisha mpe ng'ombe majani mabichi ili asimame angalau nusu saa, maana tundu la chuchu huchukua muda huo kujifunga. Akilala kwenye kinyesi likiwa wazi, bakteria wa mavi, *E. coli* akiwamo, wanaingia bila hodi. Kusimama huko kunahitajika hata kwa anayenyonyesha, na kuchovya vilevile, ila kwake iodini ije baada ya ndama kumaliza. Ukichovya kabla, dawa inaishia mdomoni mwa ndama.

Kunyonya nako kuna hatari yake. Vijidudu vya ugonjwa wa kiwele kama *Staphylococcus aureus* na *Streptococcus agalactiae* huhama kutoka ng'ombe hadi ng'ombe kwa mikono, vitambaa na midomo. Ndama mmoja kwa mama mmoja hana neno. Ndama mwizi, yule anayeponyoka na kunyonya kila aliyesimama, atausambaza ugonjwa banda zima kabla hujaona donge moja kwenye maziwa. Kama vizimba vyako havifungi sawasawa, faida ya kunyonya kwa ratiba inayeyuka.

Kuna jambo jingine wanaonyonyesha hulisahau: ndama humficha mgonjwa. Robo yenye ugonjwa usioonekana hutoa maziwa machache zaidi, na mkamuaji hujiambia ndama ndiye aliyeyamaliza. Anayekamua yote kwenye ndoo huona upungufu siku ileile. Hivyo mwenye kunyonyesha asikose vitu viwili. Kwanza kikombe cha kukagulia chenye sehemu nyeusi: michirizi ya kwanza ya kila chuchu, kila unapokamua, kabla ndama hajasogea, ukitafuta madonge, majimaji au damu. Pili kipimo cha CMT, cha kugundua ugonjwa wa kiwele usioonekana, walau mara moja kwa mwezi: kisahani chenye vikombe vinne, maziwa kidogo ya kila robo, dawa kiasi kilekile, unazungusha. Yakibaki majimaji, salama. Yakiganda kama uteute, robo hiyo ina ugonjwa hata kama kiwele hakijavimba. Maafisa mifugo wengi wanacho na maduka ya dawa za mifugo mjini huuza.

Saa za mwanzo: ushindi wa chupa

Hapa naisifu ndoo, au tuseme chupa. Ndama hazaliwi na kinga. Kondo la ng'ombe halipitishi kinga ya mama kwenda kwa mtoto, kwa hiyo zote zimo kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya mwanzo. Utumbo wa ndama huzipokea nzimanzima kwa muda mfupi tu. Uwezo huo hushuka saa hadi saa, na baada ya saa 24 umekwisha.

Kipimo kinachokubalika ni dang'a sawa na sehemu ya kumi ya uzito wa ndama ndani ya siku ya kwanza. Ndama wa kilo 30 anahitaji lita 3. Nusu yake apate ndani ya saa mbili za mwanzo, iliyobaki kabla ya kutimia nusu siku. Ndama aliyeachwa ajitafutie mara nyingi hafikishi. Mama mwenye kiwele kilichoshuka au chuchu nene zilizojaa humshinda mtoto mchanga: anatafuta juu, karibu na mapaja, wakati chuchu iko chini ya magoti. Na kiwele kilichovimba kwa ajili ya uzazi, hata kama si ugonjwa, humuuma mama akapiga mateke.

Ushauri wangu kwa njia zote mbili: kamua dang'a, pima, mpe ndama kwa chupa yenye chuchu ya mpira. Kisha kama umechagua ratiba, mwache anyonye. Wapo wanaosubiri kondo la nyuma litoke ndipo ndama aonje, na zinapita saa ambazo hazirudi. Wapo wanaochemsha dang'a kwa ajili ya nyumbani ndama akiwa bado hajashiba. Iliyozidi igandishe kwenye chupa za maji. Siku ya dharura iyeyushe kwa maji ya moto kiasi ambacho mkono unavumilia. Ikichemka, kinga imekufa. Kitovu nacho kichovywe kwenye iodini mara ndama anapozaliwa.

Kuhara

Ndama wa ndoo huharisha zaidi, na kosa si la ndoo yenyewe. Maziwa ya kiwele huja na joto la mwili, kidogokidogo, bila kupita kwenye chombo. Ya ndoo yanapoa wakati unampelekea mteja lita zake, yanamiminwa kwenye plastiki yenye mikwaruzo, na ndama mwenye njaa anayagugumia yote kwa mara moja. Mtu anayetaka njia hii ahakikishe maziwa yana joto la nyuzi 38 hivi, yanatolewa saa zilezile kila siku, na chombo kinasuuzwa kwanza kwa maji ya kawaida kutoa maziwa, ndipo yafuate maji ya moto na sabuni, kisha kinafudikizwa juani. Ukianza na maji ya moto sana, protini ya maziwa inagandamana na chombo. Ndoo ya aluminiamu au ya chuma kisichoshika kutu inalipa gharama yake. Yenye chuchu ya mpira ni bora zaidi, kwa kuwa ndama anayefyonza polepole akiwa ameinua shingo hupeleka maziwa kwenye tumbo linalostahili. Akiinama na kugugumia, mengine huangukia tumbo la majani na kuchachuka humo.

Ndama wakiwa wengi kuna kunyonyana. Wakimaliza ndoo bado wana hamu ya kufyonza, basi wanakimbilia masikio, vitovu na vichuchu vya wenzao. Ndama jike aliyenyonywa hivyo anaweza kuja kuzaa akiwa na robo iliyokwisha kufa. Watenge, kila mmoja na kizimba chake cha mita 1.2 kwa 1.5, sakafu ya mbao iliyoinuliwa ili mkojo upite, na uwape hei kidogo au pumba mara wanapomaliza kunywa. Anayenyonya kwa mama yake hana hamu hiyo, ameshaikata.

Akiharisha, kwa njia yoyote ile, kinachomuua haraka ni ukavu. Mpe maji yenye chumvi na sukari yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuharisha, kati ya mlo mmoja na mwingine, bila kuyachanganya na maziwa, na usimnyime maziwa. Macho yakizama au akishindwa kusimama, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na homa kali yenye matezi yaliyovimba chini ya sikio, hasa mahali penye kupe, usiite kuharisha: huenda ni ndigana kali, ambayo haiulizi kama ndama alinyonya au alinyweshwa. Chanjo yake, iliyotengenezwa Muguga nchini Kenya, hutolewa mara moja maishani, pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini.

Lita za kuuza

Tuhesabu. Ndama wa ndoo anayepewa lita 4 kwa siku kwa miezi mitatu atakunywa lita 360. Ukianza kumpunguzia mwezi wa tatu, zitashuka. Hizo unazijua na unaweza kuzipanga. Kwenye ratiba, mwezi wa kwanza mwachie robo moja nzima bila kuikamua, ukibadilisha robo kila siku. Baadaye anaishi kwa yaliyosalia tu, huku akijifunza chakula cha ndama na majani mazuri. Hujui amekunywa lita ngapi, ila utepe wa kupimia kifua kila wiki utakuonyesha. Chini ya nusu kilo kwa siku kwa chotara ujue umekuwa mchoyo.

Wengi huogopa kwamba kunyonya kunapunguza mauzo. Kwa Friesian halisi anayeshusha vizuri, hofu hiyo ni ya kweli. Kwa chotara anayezuia maziwa, ndama ndiye anayekufungulia lita ambazo mkono wako usingezipata, na ng'ombe huendelea kutoa kwa miezi mingi zaidi. Maziwa utakayouza yatapungua mafuta kidogo kwa sababu ndama amechukua ya mwisho; kituo kinachopima kwa laktomita (kifaa cha kupima uzito wa maziwa) hakitakukataa kwa hilo, kinacholipa kwa asilimia ya mafuta kitakupunguzia.

Ndoo inashinda pia kwenye joto la uzazi. Kunyonya kutwa nzima huchelewesha ng'ombe kurudi kwenye joto. Kwa ratiba ya mara mbili ucheleweshaji hupungua sana, ila haumaliziki kwa ng'ombe aliyekonda.

Robo inapougua

Hapa wanaonyonyesha hupata tabu. Dawa ya bomba huingizwa kwenye robo iliyokamuliwa ikakauka, tundu la chuchu likiwa limefutwa kwa spiriti, na inatakiwa ikae humo saa kadhaa. Ndama hajui robo ipi imetibiwa: ataifyonza dawa yote. Kwa siku zote za tiba mpe maziwa ya ng'ombe mwingine kwa chupa, umsogeze kwa mama pua tu ili ashushe. Maziwa ya mgonjwa yasiuzwe kutoka robo yoyote mpaka muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye dawa uishe, kwa kuwa dawa husafiri kwa damu hadi robo nyingine. Na mgonjwa akamuliwe wa mwisho.

Wenye ndoo wana kishawishi chao: maziwa yasiyouzika ni ya ndama. Maziwa yenye madonge na dawa yanampa ndama vijidudu na kumjengea usugu wa dawa tumboni, na akiwa na wenzake wa kuwanyonya, anahamishia ugonjwa kwenye viwele ambavyo havijakomaa. Yamwagwe, mbali na banda.

Mimi ningechagua vipi

Ukiwa na chotara wa kawaida, ng'ombe chini ya watano, na kukamua ni kazi ya yeyote aliyepo nyumbani siku hiyo, chagua kunyonya kwa ratiba mpaka ndama afikishe miezi mitatu na awe anamaliza karibu kilo moja ya chakula chake kwa siku. Njia hii inasamehe uzembe mdogo wa binadamu. Ukiwa na damu nyingi ya Friesian, mkamuaji mmoja wa kudumu, maji ya moto yasiyokosekana na daftari unalolijaza kweli, ndoo itakupa vipimo na udhibiti ambao ratiba haiwezi. Mwenye ng'ombe aliyethibitika kuwa na brusela au kifua kikuu hana uchaguzi: ndama asinyonye, na mnyama huyo ana mjadala wake na daktari. Mahali ambapo maji yenyewe ni ya kuchota mbali, ndoo ni njia ghali hata kama inaonekana ya bure.

Kubadili katikati ni kugumu. Ng'ombe aliyezoea ndama kwa miezi miwili hatakuelewa ukimwondoa ghafla, atazuia maziwa na kiwele kitapata shida. Uamuzi ufanywe kabla ya uzao wa kwanza. Mtamba akiwa na mimba ya miezi saba, anza kumwingiza sehemu ya kukamulia, ale pumba zake hapo, umguse mgongo na ubavu kila siku bila kumkamua. Ukiwa umeamua ndoo, siku ya kuzaa mwondoe ndama mapema kabla mama hajamzoea, na umsugue wewe kwa gunia kavu mpaka manyoya yakauke na apumue vizuri, kwa kuwa mama hatapata nafasi ya kumlamba.